Mgeni Aliyekula Mafichoni

Mfalme wa kwanza wa Waluba alikula mbele za watu. Wasimulizi wanasema Nkongolo Mwamba aliketi chini pamoja na raia zake, akamega, akatafuna, akanywa, akacheka kinywa wazi, wala hakuona haya. Alikuwa mwekundu wa ngozi, mkatili, na nyumbani kwake undugu na ndoa havikuwa na mpaka, maana alilala na dada zake. Siku moja akatokea mwindaji kutoka mashariki, ng'ambo ya mto Lualaba. Aliitwa Mbidi Kiluwe, mweusi tii, mtoto wa kifalme. Huyu akicheka alifunika kinywa. Akiletewa chakula hakukigusa mpaka ajengewe mahali pa kujisitiri. Nkongolo alimshangaa, akamdhihaki, mwishowe akamchukia. Lakini uhasama ulipoiva, mgeni alikuwa ameshapewa dada wawili wa mwenyeji, Bulanda na Mabela. Akawaacha na mimba, akarudi kwao.

Bulanda akamzaa Kalala Ilunga. Mtoto akakulia kwa mjomba, akawa fahari yake na tishio lake. Nkongolo akachimba shimo, akasimika mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka, akamwita mpwa wake aje acheze ngoma. Mpiga ngoma akamwonya kwa mapigo. Kalala akaruka, akatimua mbio hadi Lualaba, akavuka, akaenda kumtafuta baba. Aliporudi alikuja na jeshi. Nkongolo akakimbilia mapangoni, akakamatwa, akakatwa kichwa. Kalala Ilunga akaketi mahali pake, naye akawa mfalme wa namna nyingine, mfalme ambaye hakuna jicho linalomwona akila.

Kisa hiki ni cha nchi ya Waluba, upande wa Kabongo, Kamina na Malemba-Nkulu, lakini kimehamia mjini pamoja na watu wake. Hapa Lubumbashi wako waliokipokea kwa Kiluba kutoka kwa babu zao, na wako waliokikuta kwa Kifaransa vitabuni. Mimi ni mmoja wa wale waliokisikia kwanza na kukisoma baadaye, na kila nikikisoma namkuta mtu mmoja ameketi kati yangu na kisa chenyewe. Mtu huyo ni Luc de Heusch.

De Heusch alizaliwa Brussels mwaka 1927 na kufariki mwaka 2012. Ujanani alikuwa mtengeneza filamu, swahiba wa wachoraji wa kundi la Cobra, na hadi uzeeni hakuiacha kamera. Mwaka 1953 na 1954 aliishi Kasai kwa Watetela, akachunguza na kupiga filamu. Mwaka 1958 alichapisha kitabu chake cha kwanza kikubwa, kuhusu wafalme wa Afrika wanaolala na dada zao. Mwaka 1972 kikatoka kile kilichompa jina, Le roi ivre ou l'origine de l'État, yaani Mfalme Mlevi, au Asili ya Dola. Humo alichukua visa vya Waluba, vya Walunda, vya Wakuba na vya majirani zao, akavisoma pamoja, kana kwamba ni sauti za kwaya moja. Vitabu viwili vilifuata katika mfululizo huohuo, mwaka 1982 na mwaka 2000, vikafika mpaka Rwanda na Kongo ya pwani. Hiyo ni miongoni mwa kazi pana zaidi za kulinganisha visasili vya Wabantu.

Hata hivyo, kulinganisha visasili kulianza mbali na Lualaba. Mwaka 1856 Friedrich Max Müller, Mjerumani aliyefundisha Oxford, aliandika insha iliyoiweka miungu ya Wahindi wa kale kando ya miungu ya Wagiriki, akadai kwamba nyuma yao wote linachomoza jua lilelile. Wasomi wa vizazi vilivyofuata waliicheka nadharia hiyo ya jua, lakini mlango alikuwa ameufungua. Georges Dumézil aliingia humo akatafuta mpangilio wa jamii mahali ambapo Müller alitafuta jua. Claude Lévi-Strauss naye, kati ya 1964 na 1971, aliandika juzuu nne kuhusu visasili vya Waindio wa Amerika. Kwa upande wetu, wasomaji wa Kiswahili wanaweza kumkumbuka Alice Werner, mwalimu wa Kiswahili jijini London, ambaye mwaka 1933 alikusanya katika kitabu kimoja visa vya Wabantu kutoka pande nyingi na kuonyesha jinsi vinavyofanana. Werner alikusanya na kupanga. De Heusch, mwanafunzi wa fikra za Dumézil na Lévi-Strauss, aliuliza visa hivyo vinafikiri nini.

Jibu lake linavutia. Kwa macho yake Nkongolo ni upinde wa mvua, nyoka anayezuia mvua isinyeshe, wekundu wa kiangazi, kinywa kilicho wazi, ndoa isiyotoka nje ya nyumba. Mbidi na mwanawe ni mvua, weusi wa wingu, kinywa kilichofumbwa, ndoa inayovuka mto. Yeyote anayeoa dada yake amejifungia, kama mbingu zilivyofungwa wakati wa ukame, na nchi yake haiwezi kuzaa kitu kipya. Ndipo anahitajika mtu wa kutoka nje. Kwa Walunda ni vivyo hivyo. Mzee wao alitukanwa na wanawe kwa ajili ya pombe, akampa urithi binti yake Rweej, na Rweej akaolewa na mwindaji mgeni, Chibinda Ilunga, mtu wa Waluba. Kwa Wakuba, Woot alilewa akalala uchi, wanawe wakamcheka, binti akamsitiri. Mfalme mlevi yuko kila mahali, na kila mahali kosa lake ni kwamba ndani yake hakuna kinachofichika.

Hapo ndipo ninapomshukuru de Heusch. Kabla yake waandishi wa kikoloni walikisoma kisa hiki kama orodha ya watawala iliyochafuliwa na mambo ya uchawi. Walisafisha uchawi, wakabaki na majina, wakayapangia karne. Yeye alisema kile walichokitupa ndicho kiini. Aliwapa Waluba heshima ya kuchukuliwa kuwa watu waliokaa wakafikiri juu ya utawala, kisha wakaifikisha fikra hiyo kwa njia ya kisa.

Lakini shukrani haizuii maswali, na swali kali zaidi lilitoka kwa Mbelgiji mwenzake. Jan Vansina, mtafiti wa Wakuba na mwalimu wa wanahistoria wengi wa Afrika, alikuwa ametumia maisha yake kuonyesha kwamba masimulizi ya mdomo ni ushahidi wa mambo yaliyotokea. Mwaka 1983 aliandika makala iliyouliza, tangu kwenye kichwa chake, kama umaridadi ni ushahidi. Alimaanisha kwamba msomi mwenye jicho zuri anaweza kuchagua toleo hili la kisa na kuliacha lile, akaokota rangi huku na mnyama kule, mpaka mchoro ukatimia. Mchoro ukishatimia unapendeza, na kwa sababu unapendeza tunauamini. Kwa Vansina, nyuma ya Nkongolo huenda walikuwapo watu waliotawala na kupigana, na kumgeuza mfalme kuwa upinde wa mvua ni kuwanyima Waluba historia yao.

Ugomvi huu ulikuwa na upande wake wa udongo. Katika bonde la Upemba, kwenye maziwa ya Lualaba, wachimbaji walifukua makaburi ya Sanga mwaka 1957 na 1958, na kuanzia miaka ya 1970 Pierre de Maret wa Brussels aliendeleza kazi hiyo. Walikuta vyungu vya ufundi mkubwa, shoka za heshima, mapambo ya shaba, na kutoka karne za baadaye misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Watu walikuwa wakiishi hapo, wakifua vyuma na kuzikana kwa adabu, zaidi ya miaka elfu iliyopita. De Maret na de Heusch walikuwa wa chuo kikuu kimoja, Université Libre de Bruxelles. Mmoja alifukua wafu wasio na majina, mwingine alisoma majina yasiyo na makaburi.

Nikiwasikiliza wote, naona wanagombania kisa ambacho wenyewe hawakuambiwa. De Heusch hakukitoa kwa Waluba kwa masikio yake. Kitabu chake kimejengwa juu ya maandishi ya waliotangulia: padre Colle aliyechapisha kuhusu Waluba mwaka 1913, ofisa Verhulpen mwaka 1936, mmisionari Burton aliyeishi Mwanza ya Katanga miongo mingi. Kila mmoja wao alikuwa na sababu yake ya kuuliza. Padre alitaka kujua Mungu yuko wapi katika kisa. Ofisa alitaka kujua chifu yupi ana haki ya kutambuliwa na serikali na kukusanya kodi. Mwenyeji aliyeulizwa na ofisa kuhusu Kalala Ilunga alijua vizuri kwamba jibu lake linaweza kumpa mtu kiti au kumnyang'anya. Tukisoma toleo lake leo, tunasoma pia hesabu zake za siku ile.

Tena wenyeji walikuwa na wasomi wao wa kisa hiki. Chama cha Mbudye ndicho kilichotunza kumbukumbu za ufalme wa Waluba, na chombo chake ni lukasa, ubao wa mbao unaotosha kushikwa mkononi, uliopangwa shanga, makombe na michongo. Msomaji wa lukasa huushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, na kisa kikatoka. Shanga zilezile hazitoi maneno yaleyale kila mara. Mbele ya chifu huyu msomaji atakaa sana juu ya ukoo wake, na mbele ya yule atazunguka upande mwingine. Shanga moja inaweza kuwa mtu, au kijiji, au mwiko. Kwa hiyo mtu wa Mbudye alijua kuwa kisa kina matoleo mengi, alijua kila toleo linamfaa nani, na aliyaweka yote kwenye ubao mmoja. Alikuwa msomi wa kulinganisha kabla somo hilo halijapata kiti chuoni. Tofauti ni kwamba yeye aliwajibika kwa waliomsikiliza, na akikosea walikuwapo wa kumsahihisha.

Jambo hili lilifikiriwa hapahapa mjini. Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, alifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970, kabla ya kuondoka nchini utawala wa Mobutu ulipotaka kumvuta ndani yake. Akiwa uhamishoni Marekani alionyesha jinsi wamisionari, maofisa na wasomi walivyojenga pamoja maktaba nzima ya kikoloni, ambamo hata Mwafrika anayetaka kujisema mwenyewe huanza kwa maneno ya wengine. Katika Parables and Fables, mwaka 1991, alirudi kwenye visasili vya Waluba. Alifariki mwaka 2025. Somo ninalolichukua kwake halinifukuzi kwenye maktaba hiyo. Linanitaka niingie nikijua ni nani aliyepanga rafu.

Basi nimeingia, nimemchukua de Heusch na swali lake moja, nikatoka nalo barabarani. Swali lenyewe ni hili: dola huanza vipi? Jibu la kisa ni kwamba dola huanza pale mgeni na mwenyeji wanapopata mtoto. Hebu tulijaribu jibu hilo kwenye mji huu.

Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ndiyo iliyokuwa tumbo lake. Mgeni alikuja, kutoka mbali kuliko Mbidi. Naye alikula mafichoni. Kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika palikatwa eneo tupu, zone neutre, lililokusudiwa kuwatenga watu na kuitenga midomo. Mtumishi aliyeruhusiwa kuvuka aliona meza na akatakiwa asione. Mwaka 1965 historia ya mji huo iliandikwa kwa Kiswahili chetu na André Yav, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Wao ndio waliojua mgeni alikula nini.

Hadi hapo kisa na mji vinakwenda sambamba. Vinaachana kwenye mtoto. Mbidi alimwacha mwanawe kwa mama yake, kwenye nchi ya mama yake, na mwana huyo akarithi nchi. Dola la kikoloni lilimwogopa mtoto wa namna hiyo kuliko kitu kingine. Watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika walichukuliwa kwa mama zao na kuwekwa kwenye misheni za mbali, kwa sababu watawala walihofu kwamba siku moja wangeongoza uasi. Disemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ilitamka kwamba Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu kwa kuwatenga hivyo na mama zao wanawake watano, walipokuwa wadogo, katika Kongo ya kikoloni. Nikisoma hukumu hiyo namwona Nkongolo na shimo lake la mikuki. Watawala walewale ambao maofisa wao walikuwa wakiandika kisa cha Kalala Ilunga kwenye mafaili, walikuwa wakihakikisha kwamba Kalala Ilunga mwingine hazaliwi. Mbidi aliacha mtoto. Union Minière ilituachia ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru, terril, ambao hauna mjomba wala mpwa.

Nasi tulipopata mji mikononi mwetu hatukukisikiliza kisa vizuri zaidi. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, Mlunda wa ukoo ulioungana kwa ndoa na kiti cha Mwant Yav, mfalme wa Walunda, alitangaza kujitenga kwa Katanga, na kwenye bendera akaweka misalaba mitatu ya shaba. Waluba wa kaskazini, chini ya Jason Sendwe na chama cha Balubakat, walikataa, vita vikawaka, na maelfu ya Waluba wakajikuta kambini, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, pembeni mwa mji huuhuu. Walunda na Waluba! Wajukuu wa Rweej na wa mwindaji aliyemwoa. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1992 na 1993, zamu ikawa ya Wakasai. Watu waliozaliwa Likasi na Kolwezi, ambao baba zao walikuja na treni kufanya kazi ya migodi, waliitwa wageni, wakafukuzwa kwenye nyumba zao, wakalala vituoni wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai ambako wengi hawakuwahi kuishi. Waluba wa Kasai husimulia kwamba mababu zao walitoka upande huu. Kwa maneno mengine, tulimfukuza mgeni aliyekuwa ndugu, kwa jina la wenyeji ambao mfalme wao mkuu alikuwa mtoto wa mgeni.

Sitaki kukifanya kisa kuwa mahubiri ya ukarimu. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini Nkongolo hakupona. Alikatwa kichwa, na aliyeongoza jeshi la kumwondoa ni mtoto aliyelelewa nyumbani kwake. Kisa kinajua kwamba mgeni ana gharama, na kwamba utawala mpya huzaliwa na damu mikononi. Kinajua jambo lingine pia, ambalo de Heusch aliligusa na mimi nataka kulikazia: Mbidi hakutawala. Alikuja na adabu, akaacha mbegu, akaondoka. Aliyetawala ni yule aliyezaliwa hapa, aliyekula chakula cha hapa, kisha akavuka mto akajua upande wa pili, akarudi. Utawala haukupewa mgeni wala haukuachiwa mwenyeji aliyejifungia. Ulipewa mtu wa pande mbili.

Na kile kula mafichoni? Mbidi alificha kinywa ili tamaa ya mtawala isigeuzwe tamasha, ili raia wamwone kama mtu asiyeshindwa na tumbo. Leo migodi ya Katanga ina wageni wapya, kutoka China na kwingineko, na wenyeji wakubwa wanaoketi nao nyuma ya milango iliyofungwa. Bukari, ugali wetu wa mitaa ya Katuba na Kenya, linasongwa uani, kila mpita njia akiona ukubwa wa sufuria. Mikataba ya kobalti inatiwa saini mahali ambapo hakuna jirani. Mafichoni pamebaki, adabu ndiyo iliyotoka. Mfalme alijificha ili njaa yake isiwasumbue watu, wakubwa wa sasa wanajificha ili njaa ya watu isiwasumbue wao.

Urithi wa de Heusch, kwa hiyo, siupimi kwa kuuliza kama upinde wake wa mvua ulikuwa mzuri mno kuwa kweli. Vansina alikuwa na haki ya kushuku, na Mbudye wangekuwa na haki zaidi. Naupima kwa kazi unayoweza kufanya mikononi mwetu, katika mji ambamo Mluba, Mlunda, Mbemba, Msanga na Mkasai wanakaa uwanja mmoja na kila mmoja ana toleo lake la jinsi mfalme alivyopatikana. Kuyaweka matoleo hayo pamoja kulifanyika Brussels kwa Kifaransa, kutoka kwenye karatasi. Kunaweza kufanyika hapa kwa Kiswahili, mbele ya wenye visa wenyewe, ambao watamkatiza msomi akichagua shanga anazozipenda tu. Kulinganisha kwa namna hiyo kutatupa kipimo cha kumpimia kila mwenye nguvu anayebisha hodi, na kila mwenyeji anayejigamba kuwa nchi ni yake peke yake. Wa kwanza tumuulize anatuachia mtoto gani, na atamlea nani. Wa pili tumuulize mama yake Kalala Ilunga alizaa na nani. Anayeshindwa kujibu hana haki ya kutuambia nani ni wa hapa.